Tyubu, ringi ya kugeuza au Raynox: ipi nafuu kupigia picha samaki wa sentimita 4 na mayai yake?

Bi_Usumba
Assalaam aleikum wakuu. Nafuga Nothobranchius guentheri, vile vijisamaki vya madimbwi vya hapahapa Unguja. Dimbwi likikauka wanakufa wao, mayai yanabaki topeni yakingoja mvua. Dume wangu mkubwa ana sentimita 4. Kamera ni Canon 700D, lenzi mbili, ya mm 18-55 STM na ya mm 50 f/1.8 STM.

Nataka picha za aina mbili. Ya kwanza dume ubavuni, rangi ya mkia itoke. Ya pili mayai. Yana kama milimita 1, nayahifadhi kwenye vumbi la usumba lenye unyevu, na lazima nione macho ya kitoto ndani ya yai kabla sijayatia maji. Nikitia mapema nimeyapoteza, na nimeshayapoteza mara mbili. Lenzi ya makro yenyewe, ile ya kupigia vitu vidogo, siiwezi hata ya mtumba. Nina laki moja na nusu.

FundiLenzi
Mkuu, chukua tyubu za kurefusha, zinakaa kati ya kamera na lenzi. Ni pete tupu, hazina kioo ndani, kwa hiyo hazina cha kuharibu picha. Hesabu yake rahisi: urefu wa tyubu gawanya kwa urefu wa lenzi. Tyubu ya mm 21 kwenye lenzi ya mm 50 inakuongezea ukuzaji wa 0.42 (1 ni ukubwa halisi wa kitu kwenye sensa), na lenzi yako peke yake inatoa 0.21, jumla 0.63. Sensa ya 700D, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha, ina upana wa mm 22.3, maana yake fremu inabeba kitu cha mm 35. Mkia wa dume wako utabaki nje. Funga ya mm 13 peke yake, fremu inakuwa mm 47, anaingia mzima.

Zile zisizo na pini za umeme usiziguse. 50 STM inaendeshwa na mota. Ukiikatia umeme, hata ringi ya fokasi ukizungusha kwa mkono haifanyi kitu, na tundu la kupitishia mwanga linabaki wazi kabisa, f/1.8. Mimi muuzaji aliniapia zinakubali kila lenzi. Leo watoto wangu wanazifanya bangili.

Kigoma_MwishoWaReli
Kabla hujatoa hata mia: hiyo 18-55 STM izungushe hadi 55, usogee mpaka sentimita 25. Zinapimwa kuanzia kwenye sensa, siyo ncha ya lenzi. Inakuza 0.36, fremu ya mm 62. Ukikata pembeni kidogo, dume kajaa.

Mimi napiga picha multifasciatus, vijisamaki vya Ziwa Tanganyika, wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, na picha ninazozipenda zaidi nyingi zimetoka kwenye lenzi ya aina hiyo. Tunanunua ukuzaji wakati shida yetu ni mwanga na kioo chenye ukungu wa mwani.

MamboYaTangi
Sawa kwa samaki, lakini yai la milimita 1 kwa 0.36 litakuwa kidoa tu. Hapo ni ringi ya kugeuza, ya mm 58 kwa hiyo lenzi ya 18-55. Unaifunga lenzi kinyume, mbele inakuwa nyuma. Na kinyume cha mazoea, ukienda 18 ndiyo inakuza zaidi kuliko 55. Unapata mara tatu hivi.

Hila ya tundu: weka kamera kwenye Av, hali ya kuchagua tundu mwenyewe, chagua f/8, bonyeza kile kitufe kidogo chini ya kitufe cha kufungulia lenzi, na ukiwa bado umekibonyeza, ifungue lenzi. Tundu linabaki f/8. Kisha igeuze.

FundiLenzi
Ringi ya kugeuza kwenye tangi? Inabaki nafasi ya sentimita nne hivi mbele ya lenzi. Kioo kinakula kiasi chake, samaki akijivuta nyuma kidogo umemkosa. Na kitako cha lenzi kiko wazi, mvuke na vumbi vyote ndani.

MamboYaTangi
Nani kasema tangi? Nimesema mayai. Yai halikimbii.

Mzee_wa_Muscat
Tatizo la tangi ni nafasi kati ya lenzi na samaki, wengi hawaligundui mpaka wameshalipa. Mimi nilianza na Raynox DCR-250, kilenzi cha kukuza kinachobanwa mbele ya lenzi yako, ile ya nguvu 8. Ukiiwekea lenzi yako fokasi ya mbali kabisa, inaangukia sentimita 12.5, ukitaka usitake. Samaki akienda katikati ya tangi, basi. Nikahamia DCR-150, nguvu 4.8, inakupa sentimita 20 na ushei. Ukuzaji ni mdogo, lakini samaki haoni mdudu mkubwa mweusi amebandikwa kiooni, anatulia. Zote mbili zina kibanio cha kushika lenzi za mm 52 hadi 67, kuvaa na kuvua ni sekunde.

Ila zinanoga kwenye lenzi ndefu, mfano 55-250. Kwenye 18-55 utaambulia kidogo. Kwa bajeti ya huyu ndugu yetu nisingeanzia huko.

Bi_Usumba
Dada yenu, siyo ndugu yenu wala mkuu 😀 Lakini ahsanteni. Kuna mtu kanambia lenzi ya kubana kwenye simu.

MamboYaTangi
Samahani dada. Ya simu inataka uwe sentimita moja au mbili. Kwa mayai inakubali, pembeni panakuwa ukungu. Kwa samaki sahau.

Kigoma_MwishoWaReli
Mwanga basi, maana hakuna aliyeugusa. Zima taa za chumba zote. Tundika kaniki nyuma yako ili usijipige picha mwenyewe kiooni. Lenzi itazame kioo moja kwa moja, ukiinamisha tu magamba yanavutika kama yamelowa. Flashi isikae juu ya kamera, iweke juu ya tangi ikitazama chini, chini yake karatasi nyeupe, na hakikisha haina pa kutumbukia. Shata ya sekunde 1/200, tundu f/11. Zima filta dakika kumi takataka zitue.

Mayai weka kwenye kifuniko cha plastiki kinachopenya mwanga, tochi ya simu kwa chini na tishu katikati. Macho yataonekana kama nukta mbili nyeusi.

Bi_Usumba
Mrejesho. Nimenunua ringi ya 58 tu, tyubu zitangoja. Dume nimempiga kwa 18-55 ilivyo, flashi ya kuazima, kaniki ya bibi. Picha sitini, tatu nzuri, moja nimeitundika sebuleni.

Mayai fokasi ni nyembamba mno, nikipumua inahama. Mwishowe niliiweka kamera juu ya msahafu... hapana, juu ya marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu 😀 nikawa nasogeza kifuniko badala ya kamera. Nimechukua mayai sita. Manne yana macho, mawili bado ni angavu, hayana macho. Naloweka kesho asubuhi.

Mzee_wa_Muscat
Loweka hayo manne. Mawili yarudishe kwenye usumba.