Tupeane uzoefu: bajeti ya kati ya kutembeza familia kutoka Arusha

Mkazi wa Njiro: Wakuu, Desemba kaka anashuka uwanja wa ndege wa KIA na mkewe Mjerumani na watoto. Hawataki kulala hemani, wala hoteli za mabilionea hawaziwezi. Maporomoko ya Materuni, chemchemi ya Chemka, halafu kreta ya Ngorongoro. Mnapigaje hesabu?

Mangi Mstaafu: Desemba Wachagga tunarudi wote nyumbani kuhesabiwa. Nauli, vyumba, hadi mbuzi vinapanda. Waje Aprili, loji zinashusha bei.

Kijenge Juu: Aprili waje kuogelea matope? Usimpotoshe mwenzio.

Mama Wawili: Umenitonesha. Sisi tulipatana na dereva, bei "kila kitu ndani". Mimi, mzee, watoto na mama mkwe, mzaliwa wa Marangu, kreta hajawahi kuiona. Kufika Karatu jamaa akakunja sheli: "Dada, ya mafuta." Nikamwuliza, si ulisema kila kitu ndani? Eti ndani ya gari! Mzee akatoa. Geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, ndiyo kasheshe. Kiingilio chetu Watanzania, 11,800 kwa mtu mzima, tulikijua. Kumbe gari nalo lina malipo yake, na pale noti hazipokelewi, unapewa namba ya malipo. Halafu gari lenyewe Noah! Kreta hushuki na Noah jamani, mpaka Landkruza au mwenzake. Mama mkwe alikuwa kimya tangu Makuyuni. Akashuka, akazunguka upande wa dereva, akachomoa funguo, akazitumbukiza kifuani. "Kijana, sikuvaa viatu hivi kuja kuangalia geti. Tafuta gari." Yule kijana alipiga simu mpaka jasho likamtoka, ikapatikana Landkruza ya mwenzake yenye nafasi. Funguo zake alizipata jioni tulipopanda kutoka chini.

Kijenge Juu: 😂😂 Faru mlimwona?

Mama Wawili: Kwa mbali, kama jiwe. Mama anaapa aliona hadi masikio.

Bajaji ya Boma: Huyo mama agombee ubunge.

Mtoto wa Majengo: Turudi kwenye mada. Wifi ni mgeni, kiingilio chake dola 60 kabla ya VAT. Kaka abebe kitambulisho cha NIDA.

Mrina: Huo si ubaguzi? Mtu kaolewa kwetu!

Mtoto wa Majengo: Ubaguzi gani, kalipie viza ya kwao ndiyo uje kulia hapa. Na kaka mwenyewe, pasi yetu bado anayo? Uraia pacha hatuna, akishachukua ya Wajerumani naye ni mgeni.

Mkazi wa Njiro: Hapo ndipo penye utata 🙈

Mangi Mstaafu: Basi zidisha bajeti mara mbili, mkapumzike Chemka.

Bajaji ya Boma: Chemka mje kwangu, barabara ile ina vumbi la kula. Jumapili msije, maji yanajaa watu.

Mhasibu Sakina: Lala Karatu, ukingoni mwa kreta unalipia kuamka unaiona. Na wakitaka kuunganisha Serengeti kwa njia hiyo, Ngorongoro unailipia kwenda na kurudi. Hapo ndipo wengi wanakatikia.

Mrina: Chakula bebeni.

Kijenge Juu: Mkibeba, pale Ngoitokitok, kituo cha kupumzikia ndani ya kreta, mle mkiwa garini. Mwewe wa pale anakupokonya paja la kuku mdomoni.

Mkazi wa Njiro: Nimeuliza bajeti, mmenipa mwewe na mama mkwe.

Bajaji ya Boma: Mkodi mama mkwe, dereva atakuwa na adabu.

Mama Wawili: Anauliza posho ya siku ni ngapi.