Tupeane uzoefu: uliibana vipi injini ya roketi ndogo isichomoke angani?

Mwalimu wa Moshi (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wadau. Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari, niko Moshi. Naomba tukusanye hapa visa vyetu vya kubana injini kwenye roketi ndogo: ulitumia nini, na ilishika au ilikuangusha. Naanza na changu.

Nilisoma Ujerumani, na huko ndiko nilikopendea hizi roketi za bomba la karatasi, mapezi ya mbao ya balsa, na injini ya baruti unayoitumia mara moja tu. Injini yangu ilikuwa ya saizi ya kawaida kabisa, kipenyo milimita 18, urefu milimita 70. Imeandikwa C6-5. Herufi ni kundi la nguvu ya jumla (msukumo mara muda wa kuwaka), C ikiwa juu ya nyutoni-sekunde 5 hadi 10. Hiyo 6 ni msukumo wa wastani kwa nyutoni. Hiyo 5 ni sekunde za kusubiri baada ya baruti ya kusukuma kwisha, ndipo chaji ndogo ya mbele ilipuke na kutoa parachuti.

Niliizungushia tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, nikaisukuma kwa dole gumba. Ikaingia kirahisi, nikaridhika. Roketi ikapanda vizuri mno. Ilipofika juu nikasikia mlio mdogo, kisha nikaona kitu kifupi kinaanguka peke yake kikivuta uzi wa moshi. Ilikuwa ni injini. Roketi yenyewe ikageuka, ikashuka pua chini bila parachuti, ikajichimbia kwenye shamba la ngano lililokwisha kuvunwa. Nilipoichomoa, nusu ya bomba ilikuwa imejikunja kama akodioni.

Wengi tunadhani kubana injini ni kuizuia isipande ndani ya roketi wakati inasukuma. Kazi hiyo inafanywa na pete iliyogundishwa ndani ya bomba mbele ya injini, na mara chache sana inashindwa. Balaa liko upande wa pili. Chaji ya parachuti ikilipuka, gesi inajaa ndani ya bomba na kusukuma kote kuwili kwa pamoja: pua (kile kifuniko cha mbele kinachochomoka ili parachuti itoke) mbele, injini nyuma. Kinachoachia kwanza ndicho kinachotoka, na kikishatoka presha yote imekwenda nacho. Asubuhi ile roketi ilikuwa imelala kwenye nyasi zenye umande, karatasi ikavimba, pua ikakaza. Injini ikawa ndiyo iliyolegea zaidi.

Tangu siku ile naongeza tepu mzunguko kwa mzunguko mpaka injini iingie kwa kusukumwa kwa nguvu. Nikishika kitako cha injini na kuitikisa roketi nzima, kisisogee kitu. Baada ya kuruka naitoa kwa plaizi, huku naizungusha. Pua naifanyia kinyume: ukiigeuza roketi kichwa chini isidondoke, lakini ukiivuta kwa vidole viwili itoke.

Kabla hamjaniuliza: hapa nyumbani sijawahi kurusha injini ya baruti. Na wanafunzi narusha roketi za maji. Baruti ni suala la kibali, na tafadhali msimwombe ndugu awaletee kwenye begi la ndege, hairuhusiwi.

Karibuni.

Mdau wa Njiro

Mwalimu, asante kwa uzi huu, umenigusa penyewe.

Mimi nilikuwa Huntsville, Alabama, kwenye kikundi cha roketi cha chuo. Sisi tulikuwa na injini kubwa, milimita 38, zenye ganda la alumini unalolijaza upya. Kwa saizi ile tepu hatukuiamini. Tulitumia pete ya alumini yenye hesi, unaigundisha kwenye mkia wa bomba la injini, kisha unafungia kifuniko chake kama cha chupa ya chai. Kitu kizuri sana, nami nilikiamini kupita kiasi.

Chaji ilipolipuka, pete, kifuniko na injini vyote vilitoka pamoja, vikiwa vimeshikana barabara. Kilichoachia ni gundi. Tuliporudi na mabaki niliangalia mkia wa bomba: gundi yote ilikuwa imebaki pale, imeng'aa kama kioo, na mistari ya ndani ya pete imejichora juu yake. Haikuwa imeng'ata chuma hata kidogo, kwa sababu niliipaka kwenye alumini laini kama ilivyotoka dukani. Lile ganda tulilitafuta kwenye shamba la pamba kwa saa mbili, hatukuliona, na bei yake ilikuwa inauma kwa mwanafunzi.

Kwa hiyo ndugu zangu: msasa kwanza, ndani ya pete na nje ya bomba, mpaka mng'ao wote uondoke. Pangusa kwa spiriti, acha ikauke, ndipo gundi ya epoksi ya kuchanganya mbili. Gundi ya mbao haishiki alumini wala plastiki, inashika karatasi na mbao tu.

Kuna rafiki yangu hakutumia pete kabisa. Alizika nati mbili kwenye duara la plaiwudi la mkiani kabla ya kuligundisha, zikitazamana. Siku ya kuruka anafunga bolti mbili zenye washa pana, na kingo za washa zinakanyaga ukingo wa injini. Hakuna urembo pale, ila sijawahi kuiona ikishindwa.

Na nyongeza moja. Injini ndogo za baruti usiziache kwenye gari juani. Zikipata joto kisha baridi, baruti inaweza kupata ufa au kuachana na ganda lake, na ukiiwasha inapasuka. Hapo hata ungeifunga kwa mnyororo haisaidii.

Mama wa Sakina

Hamjambo wote. Tuliishi Uingereza miaka minne na mwanangu alipewa roketi siku ya kuzaliwa, akiwa na miaka kumi. Yake ilikuwa na kulabu, kile kipande kirefu cha chuma cha springi kilichopinda ncha mbili. Ncha ya juu inaingia kwenye tundu dogo la bomba la injini, ya chini inakumbatia kitako cha injini. Mtoto anaivuta kwa kidole, anabadilisha injini, anaachia. Kwa mtoto sijaona njia rahisi kuliko hiyo.

Tatizo letu lilikuja baada ya kuruka kama mara sita hivi. Lile tundu la karatasi lilikuwa linachanika kidogo kidogo kila chaji inapopiga, na hatukulichungulia. Siku moja kulabu ikasogea nyuma na injini yake. Bahati nzuri parachuti ilitoka nusu, roketi ikavunja pezi moja tu. Mtoto alilia, sikufichi mwalimu, nami roho iliniuma.

Tuliitengeneza kwa uzi wa cherehani. Nilizungusha uzi juu ya kulabu na bomba katikati, mizunguko kama ishirini iliyobanana, nikapaka gundi ya mbao juu yake, ikakauka usiku kucha. Na mbele ya ile ncha ya juu tukaweka pete nene ya karatasi ngumu, ili msukumo wa kwenda mbele upokewe na pete na kulabu ibaki na kazi moja tu. Haikusumbua tena mpaka tuliporudi Arusha.

Kijana wa Pasua

Shikamoo mwalimu. Shikamooni wakubwa wote.

Mimi sijawahi kushika injini ya baruti, ila kwenye roketi ya maji chupa yenyewe ndiyo injini, na ilituchomoka vilevile. Tulitumia chupa ya soda ya lita moja na nusu, maji theluthi moja, pampu ya baiskeli. Juu yake tukagundisha chupa nyingine iliyokatwa, yenye parachuti la mfuko wa rambo. Tulitumia epoksi. Tukijaza upepo tunasikia "tik, tik", na siku ya pili kipande cha juu kikabaki mkononi mwangu na gundi imetoka kama ganda la yai.

Sababu tuliigundua kwa kupima na uzi kuzunguka chupa kabla na baada ya kupampu. Chupa ikijaa upepo inanenepa kidogo, gundi ngumu hainenepi nayo, inabanduka. Sasa tunakata tyubu ya baiskeli vipande virefu, tunavivuta na kufunga kwa kukatisha, halafu tepu pana juu. Mpira unafuata chupa inakokwenda.

Shingoni tunabana kwa ile mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya. Tunaipanga kuzunguka bomba la PVC, vichwa vyake vinakalia ule mdomo uliotokeza wa shingo ya chupa, na bomba pana linavishwa juu yake kuvizuia visifunguke. Ukivuta kamba, bomba pana linashuka, vichwa vinaachia, chupa inaondoka. Kamba iwe ndefu. Tunasimama mbali, na hakuna anayeinama juu ya chupa ikiwa na upepo.

Fundi wa Sanawari

Mwalimu mimi nina mashine ya kukereza. Hayo mambo ya pete naweza kukutolea ya alumini au nailoni, niletee tu kipimo sahihi.

Mwalimu wa Moshi

Mdau wa Njiro, hilo la msasa nimelinakili kwenye daftari la klabu. Mama wa Sakina, pole kwa kijana, na ule uzi wa cherehani nitautumia, wanafunzi wangu wanao.

Kijana, marahaba. Hiyo ya kupima kwa uzi imenifurahisha kuliko yote humu. Ulipima kwa presha gani? Ukumbuke kuandika kila mara.

Fundi, asante sana kaka. Nailoni itatufaa zaidi kwa shingo ya chupa, haitakwaruza plastiki. Jumamosi nina safari ya Arusha, nitapita hapo Sanawari na chupa tatu tofauti na kaliper, tupime pamoja kabla hujagusa mashine.

Wengine endeleeni, hasa kama kuna aliyewahi kubana injini tatu kwenye roketi moja.