Tupeane uzoefu: kitabu gani kimekukamata karibuni?

Katibu wa Chai
Wakuu, Jumamosi pale Capri Point, Mwanza, tumekula sato na kubishana mpira, vitabu hatukugusa. Basi kila mtu aseme hapa. Naanza na Peponi ya Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusufu anawekwa rehani kwa deni la baba yake, mwenyewe anadhani anaenda kutembea kwa mjomba. Nilifunga kitabu nikaenda kumtazama mwanangu aliyelala.

Konda Mstaafu
Peponi moto. Nilikuwa nashuka Igoma, nikajikuta Kisesa.

Mjukuu wa Nansio
Nimerudia Rosa Mistika. Shuleni tulikipitisha chini ya dawati tukitafuta zile kurasa tu. Sasa nina binti, nimekisoma nikimchukia Zakaria, baba yake Rosa. Kezilahabi alikitoa 1971, kikazuiwa shuleni, kumbe waliopaswa kukisoma ni wazazi.

Mzee wa Pasiansi
Zakaria kakosa nini? Binti achungwe.

Mjukuu wa Nansio
Mzee shikamoo, ila anampiga mtoto kwa barua ya mvulana huku mwenyewe mlevi. Huko ndiko kuchunga?

Mzee wa Pasiansi
Marahaba. Subiri wa kwako afike kidato cha tatu.

Bugonoka wa Kirumba
Acheni na mimi niseme, mmenichokonoa. Nimeolewa Ukerewe, mtoto hatujapata. Ukishuka kwenye meli wanakutazama tumbo kabla ya mzigo. Mwaka jana wakaja mashangazi wa mume wangu, nikapika, wakala. Nimeinama na beseni nawanawisha, mkubwa wao akamwambia mume wangu, mimi nipo: "Baba, mgomba usiozaa unakatwa." Mume wangu kimya. Yule shangazi nilishamzoea, ila ule ukimya! Nikaenda jikoni nikafungulia bomba nisisikike.

Nilikuwa na Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Kitereza, nyie ndio mlinisukumizia. Usiku ule nikaanza kumsomea mume wangu kwa sauti, kwa hasira kusema kweli. Asikie kwamba Ukerewe ya babu zake ndugu walimsema mke hivyohivyo hadi wazazi wake wakaja kumchukua, na Myombekere hakukimbilia mwingine. Alikwenda ukweni kuomba mke wake, akatozwa pombe ya ndizi, akahangaika nayo. Zile kurasa za kukamua ndizi mnaziruka, mimi sikuruka mstari. Mama mkwe alikuwa bado yupo, kumbe ukutani anasikiliza. Asubuhi ananiuliza, "Huyo Myombekere alirudishiwa mke?" Bado mama. "Basi leo usomee sebuleni."

Mashangazi walipopiga tena simu alipokea yeye. Sitaandika alichowaambia.

Konda Mstaafu
Andika dada! Usitufanyie hivyo.

Dada Mweupe
Pole mpendwa. Nendeni Bugando mkapimwe WOTE wawili, wanaume ndio hukwepa.

Msomaji wa Usiku
Mimi ningeondoka siku ileile. Mwanamume anayenyamaza leo atanyamaza na kesho.

Dada Mweupe
Wewe hujaolewa, tulia.

Mzee wa Pasiansi
Apeleke kwanza pombe ya ndizi kwao na binti. Hospitali baadaye.

Katibu wa Chai
Jamani, uzi wa vitabu huu. Mimi Nagona ya Kezilahabi nimeanza na kuacha, nasikia usingizi. Kuna aliyemaliza?

Mjukuu wa Nansio
Kile kitabu chembamba vile? Aibu. Usitafute hadithi, soma kama unaota.

Msomaji wa Usiku
Mwenye Kitereza ya kwenye simu anitumie.

Konda Mstaafu
Wizi huo. Mzee wa watu alimaliza kukiandika kwa Kikerewe 1945, akakitafsiri mwenyewe, kikachapwa kwa Kiswahili 1980, mwaka uliofuata akafariki. Na wewe unataka bure!

Msomaji wa Usiku
Nitajie duka Mwanza lenye nakala nikanunue leo.

Konda Mstaafu
…

Dada Mweupe
Hahaha kanyamaza kama mume wa Kirumba.

Bugonoka wa Kirumba
Yangu ipo Ukerewe, mama mkwe kaondoka nayo, mjukuu wa jirani anamsomea. Nikimdai anasema Bulihwali, binti wa Myombekere na Bugonoka kitabuni, bado hajaolewa.

Msomaji wa Usiku
Niandike wa pili baada ya mama.