Mjadala: Watoto wa chekechea watolewe nje kila siku, hata baridi ikiwa kali?

Mwanzisha mada

Ndugu wazazi, hamjambo. Naomba tulijadili hili bila kutukanana, maana kila likiguswa kwenye kikao cha wazazi watu hutoka wamenuniana. Je, vituo vya kulelea watoto viwe na sharti la kuwatoa nje kila siku, baridi isibaridi, au kila mzazi ajiamulie?

Mimi nasema sharti liwepo. Hofu kubwa ninayoisikia ni ile ya "baridi itamwingia kifuani". Mafua huletwa na virusi, na virusi hustawi kwenye chumba kilichofungwa madirisha, watoto wamebanana wanapokezana midoli yenye kamasi. Mwaka 1968 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watu wazima: waliwatia kirusi cha mafua, wengine wakawekwa kwenye baridi, wengine hawakuwekwa. Waliopigwa na baridi hawakuugua zaidi ya wenzao.

Halafu tazameni Ufini na majirani zake. Mtoto mchanga analazwa nje kwenye kigari mchana, theluji imetanda, na wengi huanzishwa wakiwa na wiki chache tu. Kwao ni jambo la kawaida kiasi kwamba mwaka 1997 mama mmoja wa Denmark alikamatwa New York kwa kumwacha mwanawe kwenye kigari nje ya mgahawa, na kwao watu wakashangaa kosa ni lipi.

Wanaopinga, karibuni.

Nesi mstaafu

Mwanzisha mada, umechagua utafiti unaokupendeza. Mwaka 2005 kule Cardiff, Wales, walichukua watu 180. Nusu walitumbukiza miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20, nusu wakaiweka kwenye chombo kitupu. Ndani ya siku nne tano, 13 kati ya 90 wa maji walisema wana mafua, na 5 tu kati ya 90 wa upande wa pili. Maelezo yao ni kwamba mwili ukipoa, mishipa ya damu puani hubana, kinga ya pale inapungua, na kirusi ulichokuwa nacho kimya kinapata nafasi. Kwa hiyo bibi zetu wasichekwe sana.

Ila someni vizuri: ni miguu iliyolowa, imekaa tuli. Mtoto anayekimbia akiwa mkavu hayuko katika hali hiyo. Mimi ugomvi wangu ni na wale walio chini ya mwaka mmoja. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka vizuri kama mtu mzima ili ajipashe joto, na ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, hivyo joto linamtoka haraka. Tena hakimbii, amelala tu. Sharti moja kwa mchanga na kwa wa miaka minne, hapana.

Mama mapacha

Asante nesi. Na mwenye pumu je? Wangu mmoja akivuta hewa baridi kavu akikimbia, kifua kinaanza kupiga filimbi. Sitaki kuambiwa "sharti ni sharti".

Mwalimu wa chekechea

Naomba niongee kama mtu wa kazi hii, maana humu wote mnazungumza kana kwamba mlango ukifunguliwa watoto wako nje.

Kuvisha ndiko kwenye kazi. Unamvisha wa kwanza suruali ya juu, buti, koti, kofia, glavu. Ukifika kwa wa tano, wa kwanza amevua glavu moja anaitafuna, na wa pili anataka msalani. Wa tatu zipu imekamata sweta. Wa kwanza sasa anatoka jasho kwa sababu amesubiri ndani amefungwa kama kifurushi, na jasho hilo ndilo litakalompoza akifika nje. Siku za walimu wawili tunatoka. Siku mwenzangu anaumwa, hatutoki, na sitaomba radhi kwa hilo.

Jambo jingine, wazazi wengi hupima baridi kwa kushika vidole vya mtoto. Vidole na pua huwa vya baridi hata mtoto akiwa sawa kabisa. Ingiza mkono shingoni kwa nyuma, chini ya kola. Pakiwa na uvuguvugu pakavu, mwache acheze. Pakiwa na unyevu, umemvisha kupita kiasi. Pakiwa pa baridi, ingia naye ndani. Hapo sihitaji kipimajoto.

Baba wa watatu

Mwalimu, heshima yako. Nami nauliza, kwa nini tunabishana juu ya baridi peke yake? Hewa yenyewe mmeipima? Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, majira ya baridi nyumba nyingi huwasha makaa ya mawe na moshi unaganda juu ya mji kwa sababu hewa baridi haipandi. Serikali ilipiga marufuku makaa ghafi mwaka 2019, na bado tatizo halijaisha. Hapo kumtoa mtoto kila siku "kwa afya" ni kumvutisha moshi. Kwa hiyo neno "kila siku" mimi linanikwaza kuliko neno "baridi".

Mwanzisha mada

Baba, hoja ya moshi naipokea: siku hewa ni chafu, watoto wabaki ndani. Mama mapacha, mwenye pumu afuate maneno ya daktari wake, ajifunike pua na mdomo kwa skafu, acheze michezo ya polepole. Nesi, nami nasema wachanga wawekewe utaratibu wao.

Lakini oneni tunakoelekea. Kila mmoja ana sababu ya mtoto mmoja au siku moja, na tukizijumlisha zote watoto wote wanabaki ndani miezi minne. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji dakika 180 za kujishughulisha kwa siku. Niambieni ni chumba gani cha chekechea kinachotoshea dakika 180 za kukimbia. Ndiyo maana nang'ang'ania sharti: misamaha iandikwe, lakini kutoka nje ndiko kuwe kawaida, na anayetaka kubaki ndani ndiye atoe sababu.

Mpita njia

Na jua je? Vitamini D?

Nesi mstaafu

Hiyo msiitumie kama hoja. Nchi zilizo mbali na ikweta, jua la majira ya baridi liko chini mno, ngozi haitengenezi vitamini D ya maana, na mtoto mwenyewe amefunikwa mpaka puani. Ndiyo maana Uingereza wanashauri watoto wa mwaka 1 hadi 4 wapewe mikrogramu 10 za nyongeza kila siku. Macho ndiyo hoja yenye nguvu zaidi. Guangzhou, China, waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, na wasioongezewa asilimia 39.5. Ila hao ni wa miaka sita na saba, na Guangzhou si mji wa theluji.

Mama mapacha

Basi mimi nakubali nusu. Swali langu la mwisho: hizo nguo nani ananunua? Koti lisilopitisha maji, buti, glavu jozi mbili mbili kwa sababu moja lazima ipotee, na mwakani hazimtoshi. Sharti likipita, mtoto wa mzazi asiye nacho ndiye atakayelowa.

Mwalimu wa chekechea

Dada, sisi tuna sanduku. Kila nguo iliyombana mtoto inabaki kituoni, haina jina, anayehitaji anavaa. Linasaidia, ila buti hazitoshi kamwe, na nguo zikilowa asubuhi hazikauki kabla ya mchana. Mkiandika sharti, andikeni na kabati la kukaushia nguo na mwalimu wa tatu. Hivyo viwili vikiwepo, hata nyuzi 10 chini ya sifuri nitatoka nao, mradi hakuna upepo. Upepo ukivuma kilomita 30 kwa saa, hizo nyuzi 10 zinamwuma mtoto usoni kama 20, na siku hiyo mtatukuta ndani.

Baba wa watatu

Kabati na mwalimu wa tatu. Hilo naliunga mkono. Mwanzisha mada, liongeze kwenye pendekezo kabla ya kikao, nami nitaleta buti tatu za mwaka jana.