Kikundi cha majirani, Isyesye, Mbeya: "Nani kamuuzia nguruwe yule kijana?"

Mama Atupele, 06:41
Shikamooni wakubwa. Jana jioni kuna kijana kapita na boda anauza kitimoto elfu nne kilo. Elfu nne! Mwanjelwa mmeiona wapi bei hiyo? Nimemwambia sina hela. Nani humu kamuuzia nguruwe?

Lusajo, 06:44
Shikamoo mama. Ungechukua hata kilo mbili tukaja kukusaidia kula 😂

Mama Atupele, 06:45
Marahaba. Cheka tu. Nina majike matatu bandani, mmoja ana mimba.

Mzee Hamisi, 06:52
Asalaam aleykum majirani. Mambo ya kitimoto mnajua mimi simo 😄 Ila alfajiri natoka msikitini nimekuta mbwa anaburuta utumbo mbele ya geti langu. Unanuka vibaya. Umetoka wapi?

Mama Atupele, 06:53
Waaleykum salaam mzee wangu. Basi kuna mtu kachinja kwa kificho.

Mwalimu Subi, 06:58
Nguruwe wa kuchinjwa kwa kificho na kuuzwa nusu bei huyo alikuwa anaumwa. Msiweke hiyo nyama jikoni jamani.

Baba Gwamaka, 07:10
Nguruwe alikuwa wangu. Sikumwibia mtu.

Mama Atupele, 07:11
Alikuwa na nini?

Baba Gwamaka, 07:14
Hali chakula, kajikunyata kwenye kona tangu juzi. Masikio mekundu. Nikaona kuliko afe bure bora nipate hata ada ya mtoto. Mwaka jana alikuwepo mwingine mwenye wekundu hivihivi, akachomwa penisilini akapona. Safari hii nimechoma, wapi.

Mwalimu Subi, 07:16
Namuingiza bwana mifugo humu.

Bwana Mifugo, 07:31
Habari za asubuhi. 🎤 Sauti (3:40)

Mzee Hamisi, 07:33
Dokta, bando langu halifungui sauti. Andika.

Bwana Mifugo, 07:42
Sawa mzee. Baba Gwamaka, huyo wa mwaka jana aliyepona huenda alikuwa na erisipela. Ile ni bakteria, inatoa mabaka yenye umbo la pembe nne mgongoni, na penisilini inaiweza. Huyu wa sasa nahofia ni homa ya nguruwe ya Afrika, na hiyo ni virusi. Penisilini haiigusi, tiba hakuna, na chanjo hapa nchini hatuna. Kwa macho magonjwa haya yanafanana, hata mimi siwezi kuapa. Nachukua damu, inakwenda maabara ya veterinari Iringa. Waliobaki wangapi?

Baba Gwamaka, 07:44
Wawili. Jike mmoja kaharibu mimba usiku huu.

Bwana Mifugo, 07:46
Damu puani? Kinyesi?

Baba Gwamaka, 07:47
Kinyesi kina damu.

Mama Atupele, 07:47
Mungu wangu.

Mzee Hamisi, 07:50
Dokta, na sisi watu unatupata? Wajukuu wamecheza pale mbwa alipopita.

Bwana Mifugo, 07:53
Hapana mzee, huu haumpati mtu. Ni wa nguruwe tu na ndugu zake wa porini, ngiri na nguruwe pori. Ngiri anao na wala haugui. Wajukuu wawe na amani, ila huo utumbo ufukiwe, mbwa asiufikishe kwenye banda la mtu.

Mwalimu Subi, 07:58
Kwa faida ya kikundi: ugonjwa huu uliandikwa kwanza Kenya mwaka 1921. Georgia uliingia 2007, China 2018. Na huku kwetu 2010 ulianzia Kyela, ukafuata barabara mpaka Dar

Mama Atupele, 07:59
Mwalimu, tuache China kidogo, tuko Isyesye.

Mwalimu Subi, 08:00
Nilikuwa nafika hapo mama. Kyela mpaka Dar ngiri hakutembea. Ulipanda kwenye magari, nyama na nguruwe wa bei poa.

Baba Gwamaka, 08:03
Nimeelewa mnanisema mimi. Haya, nifanyeje? Niwaue hawa wawili, niwafukie, nani ananilipa? Pumba nimekopa. Dokta, utanilipa wewe?

Bwana Mifugo, 08:09
Fidia siwezi kukuahidi, nitakuwa nakudanganya. Najua ndiyo maana watu wanaficha. Lakini sheria ya magonjwa ya wanyama ya 2003 inakutaka utoe taarifa, na ukiuza hao wawili leo, wiki ijayo nitakuwa naandika karantini ya kata nzima. Hapo hata mwenye nguruwe mzima hatamtoa nje. Nakuja saa tatu. Usimtoe mtu wala mnyama.

Baba Gwamaka, 08:10
Njoo tuongee. Sijasema nimekubali.

Mama Atupele, 08:12
Subirini. Dume la kupandisha alilotumia Baba Gwamaka ni la nani?

Lusajo, 08:15
😬

Mama Atupele, 08:15
LUSAJO.

Lusajo, 08:17
Alikuwa kwake Jumatano. Jumamosi nikamleta kwako mama. Lakini yuko fiti kabisa, anakula kuliko mimi.

Bwana Mifugo, 08:21
Kula si hoja. Virusi vinaweza kukaa ndani siku 5 mpaka 15, wakati mwingine zaidi, na mnyama anaweza kuanza kuambukiza kabla hajaonyesha chochote. Lusajo, dume lifungiwe. Mama Atupele, yule aliyepandishwa mtenge na wenzake leo hii, na anayemhudumia asiwahudumie wengine. Mkikosa mtu wa pili, aanze kwa wazima, amalizie kwake.

Mama Atupele, 08:24
Na klorini nimwage?

Bwana Mifugo, 08:28
Safisha kinyesi kwanza kwa maji na sabuni mpaka sakafu ionekane, ndipo upige klorini. Ukimwaga juu ya kinyesi umetupa hela. Gumbuti za bandani zibaki bandani. Na yule jamaa anayezunguka na sindano moja banda kwa banda, msimfungulie mlango hata akija bure.

Mwalimu Subi, 08:31
Dokta, makombo ya hotelini? Nusu ya mtaa tunalishia hayo.

Bwana Mifugo, 08:35
Acheni kwanza. Mnaoshindwa, chemsheni yatokote nusu saa huku mnakoroga, hasa kama yana vipande vya nyama. Virusi hivi vinastahimili chumvi, vinastahimili friji. Moto ndio vinaogopa. Na wenye mabanda ya udongo angalieni nyufa. Papasi, wale kupe laini wa nyufani, akishaupata anaweza kukaa nao miaka. Unaleta nguruwe wapya unadhani umeanza upya kumbe yuko ukutani anakusubiri.

Mama Atupele, 08:37
Ndaga fijo dokta. Baba Gwamaka, chokaa ninayo mifuko miwili ilibaki kwenye ujenzi. Shimo likihitajika, vijana wangu watakuja kuchimba. Usichimbe peke yako na mgongo huo.

Mzee Hamisi, 08:39
Jembe na sururu zipo kwangu. Hiyo naruhusiwa 😄

Baba Gwamaka, 08:44
Asanteni. Dokta akifika nitawaambia. Yule kijana wa boda namba yake hapatikani.

Mwalimu Subi, 08:45
Anaitwa nani? Anakaa upande wa Uyole nadhani. Namtafuta.

Lusajo, 08:52
Wakuu, kuna mtu wa Igawilo anakuja saa nne kuchukua dume. Namwambiaje?

Mama Atupele, 08:53
Mpigie sasa hivi asije.

Lusajo, 08:53
Kalipa nusu.

Mama Atupele, 08:54
Mrudishie.

Lusajo, 08:56
Nimeshaila mama 😩

Mama Atupele, 08:57
Tutamlipa kwenye fungu lako la vikoba mwezi huu. Piga simu, nakusubiri hapahapa.