Mjadala: Fomu moja ya basari inahitaji sahihi tano za nini?

Mkaazi wa Bondeni, Nakuru

Wadau, naleta hoja. Kaunti zetu zikitaka kuharakisha huduma hukimbilia kununua kompyuta. Mimi nasema kompyuta zingoje kwanza. Tufanye walivyofanya watu wa viwandani: tulifuate faili lenyewe meza kwa meza, tuone linalala wapi.

Mbinu yenyewe ilikomaa Toyota kule Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na anayetajwa sana ni mhandisi Taiichi Ohno. Husimuliwa kwamba alikuwa akichora duara kwa chaki sakafuni, anamsimamisha msimamizi humo, amwangalie tu mfanyakazi hadi aone kasoro iko wapi. Kinachosakwa ni jasho lisilomfaa mteja: kungoja, kurudia, kubebabeba, kurundika. Kiwandani rundo unaliona kwa macho. Ofisini limejificha kwenye trei, au linamsubiri bosi aliyeko semina Naivasha.

Tuchukue fomu ya basari. (Nani mwenye haki ya kutoa basari, kaunti au NG-CDF, ule mfuko wa maeneo bunge, huo ni mjadala mwingine, tusiuchokoze.) Mahali pengi mzazi anaanza kwa mwalimu mkuu, anaenda kwa naibu wa chifu, kwa chifu, kwa mchungaji au imamu, ndipo afike ofisi ya wodi. Kutia sahihi ni dakika mbili. Lakini chifu yuko barazani, mwalimu mkuu ameitwa mkutano, mchungaji hapatikani hadi Jumapili. Kazi ya robo saa inakula wiki mbili na nauli juu. Halafu karani wa wodi anairudisha kwa sababu nakala ya kitambulisho imefifia! Aliyeipokea wa kwanza hakuwa na macho?

Ikishafika ofisini, kuna hesabu ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961. Idadi ya faili zilizomo ofisini ni sawa na zinazopita kwa siku mara siku ambazo kila moja inakaa. Fomu zikiwa 300 mezani, na ofisi inamaliza 20 kwa siku, iliyoletwa leo itatoka baada ya siku 15 za kazi, hata kama zamu yake ikifika inashughulikiwa kwa dakika kumi. Kumfokea karani hakupunguzi rundo.

Swali langu: sahihi hizi tupunguze, au zina kazi?

Mhasibu, Kisumu

Ndugu wa Bondeni, unacheza na moto. Hizo sahihi hazikuwekwa kwa ushamba. Pesa ya umma ina sheria yake, ile ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na Mkaguzi Mkuu akibisha hodi haulizi mzazi alingoja siku ngapi. Anauliza nani aliidhinisha na karatasi iko wapi. Anayeomba, anayeidhinisha na anayelipa lazima wawe watu watatu tofauti. Ukibomoa ukuta huo, mwaka ujao tutakuwa tunawalipia karo wanafunzi hewa.

Halafu Toyota hutengeneza gari. Gari halina shangazi kwenye kamati ya wodi.

Mkaazi wa Bondeni

Hilo la shangazi nimelipokea. La watu watatu pia silipingi, libaki lilivyo. Ila nionyeshe chifu anajua nini ambacho naibu wake hajui. Naibu analijua boma: anajua baba alikufa lini, na ng'ombe wangapi waliuzwa. Chifu anatia sahihi kwa sababu ameiona ya naibu. Naibu naye anatia upesi akijua chifu ataangalia. Mwishowe fomu ina mihuri miwili na hakuna hata mmoja aliyekagua. Mwanafunzi hewa anapita papo hapo, katikati ya watu wawili wanaoaminiana.

Karani Mstaafu, Kakamega

Vijana, nimekaa masjala miaka mingi, niruhusuni.

Hii habari ya kufuata faili hatukufundishwa na Wajapani. Tulikuwa na kitabu cha mienendo ya faili. Likitoka, unaandika nambari yake, limeenda kwa nani na tarehe, na pale lilipokuwa kwenye rafu unaacha kadi yenye maelezo hayo hayo. Ofisa asipolishughulikia leo anaandika B.U. na tarehe, yaani aletewe tena siku hiyo, nasi tunaiingiza kwenye shajara. Asubuhi unafungua shajara, unatoa mafaili ya siku hiyo, unampelekea. Kitabu kile kikijazwa vizuri, mtu akija kaunta nilimjibu bila kuinuka kitini. Kikiachwa wazi siku tatu, basi faili ni la kusakwa chumba kwa chumba, na mesenja ndiye wa kutukanwa.

Ninachokiogopa ni kingine. Hilo jasho la bure likitafutwa, huonekana kwa wadogo. Idara ya kodi ya Uingereza, HMRC, ilileta mbinu hizi katika mpango wa Pacesetter miaka ya 2000. Mwaka 2007 ikawa habari magazetini: makarani wa ofisi moja wawekewe utepe mezani kuonyesha kalamu ikae wapi na stepla wapi. Chama chao cha PCS kiliupinga mpango huo kwa nguvu, kikasema watu wanahesabiwa kama mashine. Nyinyi mtakuja na utepe wenu Kakamega, mtapima mesenja anatembea hatua ngapi, lakini mkurugenzi anayetia sahihi Ijumaa peke yake hamtamgusa.

Na Toyota yenyewe muisome yote. Mwaka 1950 ilikuwa hoi kifedha, watu wakaachishwa kazi, wafanyakazi wakagoma, na rais wa kampuni, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Kwetu huku aliwahi kujiuzulu nani?

Mama wa Kibuye, Kisumu

Mzee, umesema. Mimi ni wa soko, leseni ya biashara ndiyo inanikutanisha na hizi ofisi. Hebu simameni kwenye foleni muulize watu wameleta nini. Wengi hatujaleta kazi mpya. Tumekuja kuuliza ile ya zamani imefika wapi. Karani anaacha kushughulikia leseni ili atafute leseni, kesho tunarudi tukiwa wengi zaidi.

Huduma Centre zilipoanza 2013 tulipumua kweli: unachukua nambari, unaketi, unaitwa. Lakini hapo ni mlangoni tu. Kitambulisho unakiomba Kisumu, kinachapishwa Nairobi.

Na mnazungukazunguka jambo moja. Faili linalolala lina mwenyewe. Kuna anayelilaza na kuna anayelipwa chai aliamshe. Mbinu yenu mtamfundishaje huyo, na kuchelewa ndiyo shamba lake?

Mkaazi wa Bondeni

Mama, huyo hatumfundishi. Ila shamba lake linahitaji giza. Kila meza ikigonga muhuri wa tarehe ya kupokea na ya kutoa, na orodha ikabandikwa ukutani kila Jumatatu, itaonekana ni trei ya nani. Mkurugenzi wa Ijumaa naye ataonekana, Mzee, tena kabla ya mesenja.

Kuhusu kazi za watu nakubaliana na wewe bila masharti. Mtu akipunguziwa kazi ya kusaka faili, apewe kazi ya kukagua fomu kaunta, mzazi akiwa bado amesimama hapo. Ukimfuta mmoja, wenzake hawatakuonyesha kasoro nyingine maishani. Basi tuanze na wodi moja, naibu na chifu wakae meza moja siku ya baraza, fomu zimalizwe hapo hapo. Sahihi ya mchungaji mimi ningeiondoa.

Mhasibu, Kisumu

Siku ya baraza, sawa, wako wote wawili na mimi sijapoteza ukuta wangu. Ya mchungaji siwezi kuitetea. Lakini ukutani hubandiki jina la mtoto na umaskini wa kwao. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Mkaazi wa Bondeni

Nambari ya fomu na tarehe, basi. Jina la nini?

Mama wa Kibuye, Kisumu

Nambari sawa. Lakini hiyo tarehe igongwe nikiwa naona, na kipande chenye nambari niondoke nacho. Ofisi moja, siitaji, iliwahi kuniambia fomu yangu haikuletwa kabisa.

Karani Mstaafu, Kakamega

Kipande hicho kilikuwepo zamani, mama. Walikifuta kupunguza karatasi.