Tupeane uzoefu: mali ya kijiji inavujia wapi, na tunazibaje?

Mleta mada (Chamwino)
Wakuu, salaam. Kwetu Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mara nyingi haivuki milimita 600. Kwa hiyo mwenye nacho na asiye nacho hawaachani kwenye ukubwa wa shamba peke yake. Wanaachana Juni, mmoja akilazimika kuuza na mwenzake akiweza kungoja. Aliyeuza Juni ananunua mtama uleule Januari kwa bei ya juu, na pesa ikimwishia anashika panga kwenda kukata mti wa mkaa. Tupeane mbinu zilizopimwa: hatua, vipimo, na pale panapoharibika. Habari za maisha yetu tuziache kwanza.

Mizani (Kibaigwa)
Tundu la kwanza ni lumbesa. Gunia halali halizidi kilo 100. Lumbesa ni gunia lilelile lililoshonewa kilemba juu, na bei inabaki ya gunia moja. Likizidi kilo 20, mwenye magunia kumi ametoa kilo 200 bure. Hayo ni magunia mawili, chakula cha miezi kadhaa kwa kaya ndogo.

Uza kwa kilo. Tazama stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani kama ni ya mwaka huu, kisha hakikisha inasoma sifuri kabla mzigo haujapanda. Mwenye magunia mawili hasikilizwi na mwenye lori, ila watu kumi wa namna hiyo wana tani mbili, na tani mbili zinazungumza. Kinachovunja umoja huo ni mmoja kuchanganya nafaka mbichi au mchanga. Kagueni kila gunia kabla ya kulirundika pamoja.

Ghala Dogo (Kondoa)
Mkuu Mizani, naongezea. Watu hulaumu mkopo wa debe moja Januari ulipwe madebe mawili Juni. Ni mzigo mkubwa, kweli. Lakini tazama: kama bei ya Januari ni mara mbili ya Juni, mkopeshaji akiyauza madebe yale Juni hapati faida yoyote. Faida anaipata kwa kuyahifadhi mpaka Januari ijayo. Nguvu yake ni ghala, na ghala hata maskini anaweza kulijenga ndani ya chumba chake.

Mfuko wa tabaka tatu (PICS) una mifuko miwili ya nailoni ndani na kiroba nje. Kausha mahindi juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo tupu, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13. Huna kipimo? Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje na chumvi kavu, tikisa kwa nguvu, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani; isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15 tu, kwa hiyo anika tena kidogo. Kisha jaza mfuko wa ndani kwa kushindilia, kamua hewa, funga kwa kamba. Fanya hivyo kwa wa pili, na kiroba mwisho. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta.

Mambo mawili huharibu. Dumuzi hutoboa nailoni, kwa hiyo chekecha punje zilizoliwa kabla ya kujaza. Tundu moja likiingiza hewa wadudu wanaendelea kuishi. La pili ni haraka. Mfuko haukaushi kitu, na ukifunga nafaka yenye unyevu unafuga ukungu wa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara. Nafaka yenye ukungu usiuze, wala usimpe kuku.

Kisiki Hai (Mpwapwa)
Niseme upande wa miti. Tanuri la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Gunia la kilo 50 limekula kuni kilo 250 mpaka 500. Mchomaji analipwa mara moja, kisha kilima kinabaki na makorongo.

Dawa ni kuurudisha mti kutoka kwenye kisiki chake. Kisiki cha mgunga au mkwaju kina mizizi tayari, hakihitaji kumwagiliwa kama mche. Kiangazi chagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye afya, ondoa mengine. Punguza matawi ya pembeni nusu ya chini, ukikata kutoka chini kwenda juu kwa panga kali, maana panga butu huchana gome na maradhi yanaingia. Funga kitambaa chenye rangi ili mlimaji na mchungaji waone. Rudia kupogoa kila baada ya miezi michache. Shambani miti 16 kwa ekari inatosha, mmoja kila mita 16 hivi, nafaka ipate jua.

Adui mkubwa ni mbuzi wa baada ya mavuno. Mabua yakiachwa wazi kwa kila mifugo, mwenye ng'ombe mia ananufaika na mashamba ya watu wote, na mwenye visiki anakosa machipukizi. Hapa panga peke yake halisaidii. Inahitajika sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Itaje tarehe za kufungia, njia ya mifugo kwenda majini, na faini. Mkisahau njia ya maji, wafugaji wataivunja sheria wiki ya kwanza, na watakuwa na haki.

Mleta mada
Na anayekodi shamba? Akitunza visiki mwenye shamba si atamnyang'anya?

Kisiki Hai
Ndiyo maana wengi wanaokodi huving'oa, ndugu. Andikeni mkataba wa miaka mitatu au zaidi, utaje idadi ya miti na nani anachukua kuni za kupogolea, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kwa shamba la familia, ombeni hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Jina la mke liandikwe pamoja na la mume siku ileile.

Mweka Hazina (Bahi)
Kwenye vikundi vya hisa, yaani vya kuweka akiba na kukopeshana, kosa ni kalenda. Kikundi kikidai marejesho yote Juni, kinawalazimisha wanachama kuuza bei ikiwa chini kabisa. Sogezeni marejesho ya mkopo wa kilimo hadi Oktoba au Novemba, mgao wa mwaka uwe Desemba mbegu zinapohitajika. Wekeni kikomo cha hisa tano kwa mtu kila kikao, la sivyo wawili wenye duka watavuna riba ya wote. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba. Kisanduku kiwe na kufuli tatu, na funguo zikae kwa watu watatu wasio wa nyumba moja.